Ubuntu 22.04 kwenye zahanati: nitakaguaje taarifa zinazotumwa nje, na nitazizimaje?

Karani_wa_Takwimu aliuliza:

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninahudumia kompyuta sita za zahanati moja, ambazo tumezihamishia Ubuntu 22.04 (mfumo endeshi wa kompyuta wa familia ya Linux) miezi michache iliyopita. Mbili kati ya hizo ndizo zenye rejista ya wagonjwa, iliyoandikwa katika jedwali la LibreOffice: majina, namba za simu, majibu ya vipimo na dawa walizoandikiwa. Siku ya kwanza kuziwasha niliulizwa kama nakubali kuwatumia watengenezaji taarifa za mfumo, nami kwa haraka nikabonyeza kuendelea bila kusoma. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mganga mfawidhi ameniuliza swali lililonishinda: je, kuna chochote cha mgonjwa kinachotoka katika mashine hizi bila sisi kujua? Naomba kuelekezwa namna ya kukagua kwanza, kisha kuzima, kwa njia ambayo nitaweza kumwonyesha kwa macho yake. Natanguliza shukrani.

Fundi_Seva alijibu:

Karibu, ndugu. Swali ulilobonyeza siku ile ni la programu iitwayo `ubuntu-report`, iliyoanza na toleo la 18.04, na hiyo ndiyo isiyopaswa kukukosesha usingizi. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `ubuntu-report show`, nawe utaona orodha yote inayohusika: toleo la mfumo, aina ya kompyuta na prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na diski, kioo, lugha, na kanda ya saa. Hakuna jina la mtu wala faili la mtu. Taarifa hiyo hutumwa mara moja tu, haijirudii, na nakala yake hubaki katika folda `~/.cache/ubuntu-report`, kwa hiyo mganga anaweza kuisoma mstari kwa mstari.

Ukitaka kubadili jibu lako, amri ni `ubuntu-report -f send no`. Fahamu tu kwamba hata hiyo hutuma ujumbe mfupi wenye maana moja, kwamba umekataa. Asiyetaka hata huo aiondoe programu yenyewe kwa `sudo apt purge ubuntu-report`.

Msimamizi_Debian alijibu:

Nakubaliana na Fundi, ila naona hatari iliyo kubwa zaidi kwa zahanati haijaguswa, nayo ni ripoti za programu zinazoanguka. Naomba uniwie radhi kwa urefu wa maelezo, kwa sababu hapa ndipo penye taarifa za wagonjwa.

LibreOffice inapoanguka ghafla, programu iitwayo Apport huandika faili lenye mwisho wa `.crash` ndani ya `/var/crash`. Ndani yake, pamoja na maelezo ya hitilafu, kuna picha kamili ya kumbukumbu ambayo LibreOffice ilikuwa ikiitumia dakika ile ile. Kama rejista ilikuwa wazi, basi majina yaliyokuwa kwenye rejista yamo humo. Programu ya pili, Whoopsie, ndiyo inayopeleka ripoti kwenye seva `daisy.ubuntu.com`. Kwa kawaida hupeleka kwanza muhtasari mdogo wa mahali programu ilipoangukia, na picha ya kumbukumbu hupelekwa pale tu seva inapoiomba kwa kuwa hitilafu ni ngeni kwake. Kwa karani wa ofisi nyingine huo ni utaratibu wa haki kabisa, nami mwenyewe huuruhusu kwenye kompyuta yangu ya nyumbani kwa sababu husaidia kurekebisha programu. Kwenye mashine yenye majibu ya vipimo vya watu, sitauruhusu hata siku moja.

Kagua hivi. Andika `ls -l /var/crash`. Ukikuta faili la `.crash` lenye ndugu yake mwenye mwisho wa `.uploaded`, ripoti hiyo ilikwisha kutumwa. Ukikuta la `.crash` peke yake, bado imekaa hapo hapo. Kisha lifungue faili kwa `sudo apport-unpack` ukitaja jina lake na folda mpya ya kuweka yaliyomo, halafu utafute jina la mgonjwa mmoja unayejua alikuwa kwenye jedwali. Wengi hukosea hapa: LibreOffice huhifadhi maandishi katika kumbukumbu kwa baiti mbili kwa kila herufi, hivyo utafutaji wa kawaida unaweza kukwambia hakuna kitu ilhali kipo. Tumia `sudo strings -el CoreDump | grep` ukifuatisha jina hilo. Amri ya `strings` imo katika kifurushi cha `binutils`.

Kuzima ni rahisi kuliko kukagua. Hariri `/etc/default/apport` uweke `enabled=0`, ondoa Whoopsie kwa `sudo apt purge whoopsie`, zima na kuwasha kompyuta, kisha usome `cat /proc/sys/kernel/core_pattern`. Jina la apport lisipoonekana tena katika jibu, umefanikiwa. Mafaili ya zamani yaliyomo `/var/crash` yafute, na usisahau kufuta pia folda uliyoifungulia, maana kuzima huduma hakuondoi kilichokwisha kuandikwa.

Fundi_Seva aliongeza:

Nashukuru kwa kunisahihisha, dada. Naongeza mawili madogo. Huduma ya habari za terminali, `motd-news`, hutaja toleo la mfumo na aina ya prosesa kila inapochukua ujumbe; huzimwa kwa `ENABLED=0` katika `/etc/default/motd-news`. Nayo ile inayouliza `connectivity-check.ubuntu.com` kama intaneti ipo huzimwa kwenye Mipangilio, upande wa faragha. Hizo hazigusi wagonjwa. Masasisho ya usalama usiyaguse kabisa, hata kama nayo yanawasiliana na seva za nje.

Karani_wa_Takwimu alirejea:

Nimerudi na majibu. Kompyuta nne hazikuwa na kitu. Kwenye zile mbili za rejista nimekuta mafaili matatu ya LibreOffice, na hakuna hata moja lenye `.uploaded` kando yake. Utafutaji wa kawaida haukuonyesha kitu; nilipotumia `-el`, jina nililolitafuta lilitokea pamoja na namba ya simu na kipimo chake, mganga akiwa amesimama nyuma yangu. Tumefuta mafaili yote na folda tulizofungulia, tumefuata hatua zote za kuzima, na `core_pattern` sasa haitaji apport kwenye kompyuta zote sita.

Mganga ameniagiza swali moja zaidi: diski za kompyuta hizi hazikufungwa kwa nywila wakati wa kusakinisha. Je, mafaili tuliyoyafuta yanaweza kufufuliwa na fundi atakayeshika diski?

Msimamizi_Debian alijibu:

Yanaweza, ndugu, hasa kwenye diski za kuzunguka, kwa kuwa kufuta kwa `rm` huondoa anwani ya faili na kuyaacha yaliyomo hadi yaandikwe juu. Hamisha rejista kwenye nakala salama, kisha sakinisha upya mashine hizo mbili ukichagua kufunga diski nzima kwa LUKS (njia ya Linux ya kufunga diski kwa nywila), pamoja na kuandika juu ya nafasi tupu ya diski, maana kufunga peke yake hakufuti mabaki ya zamani. Chaguo hilo lipo katika hatua ya kugawa diski. Kwa kuwa ni mbili tu, inawezekana kuzimaliza kwa siku moja.