Kujitolea Ujerumani na kukaa katika nyumba ya familia: nijitayarishe namna gani?

Binti wa Katuba:
Salamu kwenu nyote. Nina miaka 22, naishi Lubumbashi, na nimekubaliwa kwenda Ujerumani kwa mwaka mmoja kujitolea katika shule ya watoto wadogo kupitia programu ya weltwärts. Nitakaa kwa familia yenye watoto wawili. Kazi hainitishi, kwa sababu watoto nimewazoea. Kinachonikosesha usingizi ni kuishi katika nyumba ya watu. Kwetu binti mkubwa huamka mapema, akafagia uwanja na kusonga bukari, yaani ugali, bila kuagizwa. Huko nitahesabiwa kuwa mgeni, mtoto wa nyumba au mfanyakazi? Wakiniachia watoto wao kila jioni, ninaweza kukataa bila kuonekana sina adabu? Tena kuna bwana mtaani anayemwomba mama fedha ili faili langu litembee haraka.

Yaya wa Kamalondo:
Mdogo wangu, hongera sana. Huyo bwana asipewe hata franga moja. Programu hiyo iliundwa mwaka 2008 na wizara ya maendeleo ya Ujerumani, ikafungua mlango kwa vijana wa nchi zetu mwaka 2013, nayo ndiyo inayogharimia ndege, bima, malazi, chakula na fedha kidogo ya matumizi. Viza huombwa katika ubalozi ulioko Kinshasa, si mtaani.

Kuhusu watoto, tofautisha mambo mawili. Msichana anayekwenda kama au pair huwatunza watoto wa nyumba kwa mapatano, tena kwa kikomo cha saa 30 kwa wiki. Wewe kazi yako iko shuleni na saa zake zimeandikwa katika mkataba, kwa hiyo kukataa ulezi wa kila jioni si utovu wa adabu. Kuosha vyombo na kusafisha chumba chako ni jambo jingine, kwani hata watoto wao hufanya hivyo. Katika wiki ya kwanza waombe mkae mezani mpatane nani anafanya nini, kwa sababu wenyeji wengi wa kule hupenda neno lisemwe wazi, na ukinyamaza wataamini kwamba umeridhika.

Nilikaa huko na familia yenye moyo mzuri, na jambo lililonigusa kila siku ni meza ya jioni. Katika nyumba nyingi jioni huliwa mkate, jibini na nyama baridi, bila sufuria motoni. Ukiulizwa kama utaongeza, nawe ukajibu hapana kwa heshima ya kwetu, sahani inaondolewa, wala hakuna atakayekubembeleza mara ya pili. Si uchoyo: wamechukua neno lako kama lilivyo. Basi ukiwa na njaa sema, na siku moja omba jiko uwapikie sombe, yaani majani ya muhogo. Mimi nilipowapikia, mama wa nyumba alisimama kando yangu akiandika kila hatua.

Baba wa Ruashi:
Binti yangu, mimi nasema kama mzazi aliyepeleka kijana. Kabla hujaondoka, wakusanye wazee na ndugu zako uwaeleze kwamba ile fedha ya matumizi ni ya sabuni na mahitaji madogo, haiwezi kulipa karo za wadogo zako. Wasipolisikia mapema, kila simu kutoka nyumbani itakuwa mzigo, nawe utaona haya kupokea. Jambo lingine ni sala za usiku. Kule kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hutakiwa ukimya, na Jumapili vilevile, kwa hiyo omba kwa sauti ya chini.

Mwalimu wa Kenya:
Naongeza dogo. Shirika linalokupokea huwa na mtu wa kuwasimamia vijana. Pata namba yake kabla ya safari, kwa sababu nyumba isipokufaa hata baada ya mazungumzo, ndiye utakayemweleza ili utafutiwe nyingine. Kuomba hivyo ni haki yako.

Binti wa Katuba:
Asanteni sana, wakubwa wangu. Mama amekwisha kumkatalia yule bwana. Wiki hii nitaiandikia familia kuwauliza saa za jioni zinavyopangwa na kama nitaruhusiwa kutumia jiko, na Jumapili baba atawaita wajomba tuzungumze habari ya fedha.