Gemu inaishia 1536x864 wakati skrini ni 1920x1080, nifanyeje?

MjengaMiji:
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, maana gemu ninayoipenda kuliko zote sasa haichezeki. Ni gemu ya mikakati ya miaka ya nyuma, ya kujenga miji na kuongoza majeshi, yenye vitufe vidogo vingi pembeni. Kwenye kompyuta ya mezani ilikuwa safi kabisa. Nimehamia laptopu ya inchi 15.6 yenye skrini ya 1920x1080 na Windows 11, na mambo yamebadilika.

Maandishi yana ukungu, kama nimevaa miwani ya mtu mwingine. Nikiingia kwenye mipangilio ya picha, orodha ya rizolusheni (idadi ya nukta za picha, upana kwa urefu) inaishia 1536x864, 1920x1080 haimo. Nikicheza ndani ya dirisha, kishale cha mausi kinakaa juu ya kitufe hiki, kinabonyezeka cha jirani. Nataka kujenga mnara, inachaguliwa amri ya kubomoa.

Draiva ya kadi ya grafiki nimeshasasisha. Gemu nimeifuta na kuisakinisha upya. Hali ni ile ile.

Tumbili88:
Jaribu kubonyeza Alt na Enter kwa pamoja, gemu nyingi za zamani hutoka kwenye dirisha zikajaza skrini. Ikigoma, tafuta faili la mipangilio ndani ya Documents au AppData, mara nyingi linaishia na .ini, uandike 1920 na 1080 kwa mkono.

FundiSkrini:
Mkuu MjengaMiji, kabla hujagusa faili lolote, chukua kikokotoo. 1536 mara 1.25 ni 1920. 864 mara 1.25 ni 1080. Namba hizo hazijaangukia hapo kwa bahati. Fungua mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya "Scale" inayokuza maandishi na vitufe, na nina hakika utakuta 125%. Ingekuwa 150%, orodha yako ingeishia 1280x720. Kila mtu anayekuja na tatizo hili namwomba kwanza namba ya mwisho kwenye orodha, kwa sababu namba hiyo inasema kila kitu, na draiva haina kosa lolote.

Kinachotokea ni hiki. 100% ya Windows imejengwa juu ya pikseli, yaani nukta za skrini, 96 kwa inchi. Skrini yako ina takriban 141 kwa inchi, kwa hiyo bila kukuzwa, maandishi ya kawaida yangekuwa madogo ya kuumiza macho. Programu za sasa huiarifu Windows kwamba zinajua kujikuza zenyewe. Gemu yako haisemi chochote. Basi Windows inaidanganya kwamba skrini ni 1536x864, inaiacha ijichore kwa kipimo hicho, halafu inaivuta picha nzima mpaka ijaze 1920x1080. Pikseli moja ya gemu inatakiwa kukalia pikseli moja na robo ya skrini. Robo ya pikseli haipo, hivyo rangi zinachanganywa na za jirani, na huo ndio ukungu unaouona. Kishale nacho kinakosea mahali kwa sababu vipimo vingine vinahesabiwa kwa 1536 na vingine kwa 1920. Bonyeza vitufe vya kona ya juu kushoto utaona kosa ni dogo. Kadiri unavyokwenda kulia na chini ndivyo linavyokua.

Dawa yake: bonyeza kulia kwenye faili la .exe la gemu, chagua "Properties", kisha "Compatibility", kisha "Change high DPI settings". Chini kabisa weka tiki kwenye "Override high DPI scaling behavior", na kwenye orodha yake chagua "Application". Hapo wengi hukosea wakachagua "System", kwa kuwa inasikika kama Windows itashughulikia. Hiyo ndiyo inayoirudishia Windows kazi ya kuvuta picha. "Application" maana yake Windows ikae pembeni.

Jambo la pili, na hili linakwamisha watu wengi zaidi: hakikisha umelipata faili lenyewe. Gemu nyingi hufunguliwa na kidirisha kidogo cha kuanzia, ambacho ni programu nyingine. Ukiweka tiki huko, gemu inaweza isiguswe. Anzisha gemu, ikiwa inaendelea fungua Task Manager, bonyeza kulia kwenye jina lake, chagua "Open file location". Faili litakaloonekana ndilo la kurekebisha. Funga gemu, weka tiki, ifungue upya.

Kuna watakaokuambia ushushe Windows yote iwe 100%. Itafanya kazi, lakini utasoma kila kitu kingine kwa taabu kwa ajili ya gemu moja. Siuungi mkono ushauri huo.

MjengaMiji:
FundiSkrini, ubarikiwe sana. Ilikuwa 125% kama ulivyosema, na faili lilikuwa jingine kabisa, limejificha ndani ya folda inayoitwa bin. 1920x1080 imetokea kwenye orodha, na kishale kinatii hadi kona ya chini.

Yamebaki mawili. Maandishi ya gemu sasa ni makali lakini madogo mno. Halafu nina gemu nyingine inayokubali 1024x768 tu. Inajaza skrini yote na sura za watu zimekuwa pana.

DadaPikseli:
Hilo la sura pana nalijua. 1024x768 ni umbo la 4:3, skrini yako ni 16:9, kwa hiyo picha inatanuliwa upana kwa theluthi moja. Ingia kwenye paneli ya kadi ya grafiki, yaani programu yake ya mipangilio, tafuta sehemu ya "Scaling", chagua ile ya kulinda uwiano: Nvidia wanaiita "Aspect ratio", Intel "Maintain Aspect Ratio". Utapata picha ya 1440x1080 katikati na ukanda mweusi wa pikseli 240 kila upande. Mimi naona bora weusi huo kuliko kutazama duara lililogeuka yai.

Kama laptopu yako ina kadi mbili na kwenye paneli ya Nvidia huoni sehemu hiyo, usihangaike. Kwenye laptopu nyingi skrini imeunganishwa na chipu ya Intel au AMD iliyomo ndani ya prosesa, kwa hiyo mpangilio uko kwenye paneli ya chipu hiyo.

FundiSkrini:
Dada kamaliza hilo. Kuhusu maandishi madogo, angalia kwanza kama gemu ina kipimo chake cha ukubwa wa vitufe, kwa kawaida kinaitwa "UI scale". Kikiwepo, kitumie, maana gemu yenyewe ndiyo itakayochora herufi kubwa na ukali utabaki.

Kisipokuwepo, tafuta rizolusheni inayogawanya skrini yako bila kubakiza. Kwako ni 960x540, nusu kamili. Kwenye paneli ya grafiki washa "Integer scaling", na kila pikseli ya gemu itakuwa miraba minne ya skrini, mbili kwa mbili, bila kuchanganywa na jirani. Kwa Nvidia inapatikana kuanzia kadi za GTX 16 na RTX 20. Ila gemu yenye vitufe vingi kama yako inaweza kukosa nafasi kwa 540, au isikubali kabisa kushuka huko. Ikiwa hivyo, chagua "System (Enhanced)" kwenye lile faili, uone matokeo kwa macho yako. Baadhi ya programu za zamani hutoka nayo na herufi safi kuliko kwa "System" ya kawaida, ingawa kwa gemu za 3D mara nyingi haibadilishi kitu. Tuletee jina la chipu yako ya grafiki na picha ya skrini baada ya kujaribu.