ΔF imetulia lakini X inapanda: ni uga au ni kifaa?

Sumaku_Langata
Wadau, habari zenu. Ninachambua data za uga wa sumaku wa Dunia, za kila dakika, za kituo kimoja cha Antaktika ambacho hakikai mtu msimu wa baridi. Faili ni za IAGA-2002, muundo wa kawaida wa data hizi, na nimeshaondoa zile 99999.00 zinazojaza nafasi tupu. Tangu Mei hadi Agosti X (sehemu ya uga inayoelekea kaskazini; Y ni mashariki, Z ni wima) imepanda nanotesla 25, taratibu, bila mruko hata mmoja. ΔF, yaani F (nguvu nzima ya uga) ya magnetomita ya Overhauser, inayopima nguvu tu bila mwelekeo, ukitoa F inayokokotolewa kwa X, Y na Z za flaksigeti (kihisi kinachopima uga kwa kila mwelekeo), haijavuka nusu nanotesla. Nimehitimisha kuwa kifaa ni kizima na uga ndio uliobadilika. Niko sawa? Pia nataka kusimika flaksigeti ya mihimili mitatu nyuma ya nyumba huku Lang'ata, kwa hiyo mwenye la kunionya aseme mapema.

Nguzo_ya_Shaba
Hitimisho hilo halisimami. ΔF hulinganisha urefu wa mshale tu; haijui mshale umeelekea wapi. Kihisi chote kikiegama, X, Y na Z hugawana upya uga uleule, na jumla ya miraba yao haibadiliki.

Piga hesabu. Chukua uga wima wa nanotesla 60,000. Sekunde moja ya pembe ni radiani 0.00000485, kwa hiyo kila sekunde ya kuegama inahamisha nanotesla 0.29 kutoka wima kwenda mlalo. Nanotesla 25 zako ni sekunde 86, hazifiki hata dakika moja na nusu ya pembe. Kwa nguzo ya mita moja inayobeba kihisi, kichwa chake kimesogea milimita 0.4 basi. Barafu inayotembea, au theluji inayojikandamiza chini ya kibanda, hufanya hivyo bila kelele. Hii ndiyo sababu kuna vihisi vinavyoning'inizwa kwa tepe nyembamba za shaba ya fosforasi zilizopishana, vijinyooshe vyenyewe nguzo inapolala.

Joto la kihisi silishuku sana. Kwa kihisi kinachobadilika nanotesla 0.2 kwa digrii, ungehitaji tofauti ya digrii 125. Ila baridi inaweza kupinda nguzo, na hapo tumerudi palepale. Angalia kama faili za kituo zina safu ya joto na ya kipima-mwegamo. Zikipanda na kushuka pamoja na X, umepata jibu.

Kipimo_Kamili
Naongezea. Hata kosa lisilo la kuegama, kwa mfano sifuri ya kihisi kuhama, ΔF ya ncha za Dunia hulisikia kwa mbali. Uga ukiwa na mwinamo (pembe yake kutoka mlalo) wa digrii 85, kosa la nanotesla 10 kwenye mlalo huonekana kama 0.9 tu, tena likiwa limeelekea upande wa H, yaani sehemu ya mlalo ya uga. Likiwa la kukingama na H halionekani kabisa.

Kinachoamua ni kipimo kamili: theodolaiti isiyo na chuma, yenye flaksigeti moja juu ya darubini. Unalenga alama ya azimuthi (alama ya mbali ambayo mwelekeo wake kutoka kaskazini ya kweli unajulikana), unasoma mikao minne ya mkengeuko (pembe kati ya kaskazini ya sumaku na ya kweli), minne ya mwinamo, kisha unarudi kwenye alama. Mikao minne ni ya kufuta makosa ya kihisi na darubini kutolingana. Kila usomaji uandikiwe saa yake, kwa sababu utaurekebisha kwa data za flaksigeti ya kudumu za dakika ileile.

Barafuni kazi hii ina ugumu wake. H ikiwa nanotesla 1,000, kosa la nanotesla 1 ni dakika 3.4 za pembe kwenye mkengeuko. H ikiwa 30,000, ni sekunde 7. Alama ya azimuthi nayo inasafiri na barafu, kwa hiyo hupimwa upya kwa jua au kwa antena mbili za GNSS (satelaiti za kuonyesha mahali). Pumzi huganda kwenye kioo cha darubini, na kiputo cha kusawazishia huwa kizito. Na zipu ya koti, jamani! Mtu huacha simu na funguo nje, halafu anainama juu ya kihisi na zipu ya chuma kifuani.

Tafuta faili la mstari wa msingi (thamani zinazojumlishwa kwenye usomaji wa flaksigeti ili kupata uga kamili) la mwaka huo, uone vipimo vilifanyika tarehe gani.

Kaskazini_Kweli
Msimhukumu kifaa mapema pia. Nanotesla 25 kwa miezi minne ni 75 kwa mwaka, kiwango ambacho uga wa kiini cha Dunia unakiweza. Lakini badiliko la kiini halianzi Mei. Chora wastani wa kila mwezi wa miaka mitano: likiwa la kiini, mteremko utaendelea mwaka mzima. Tumia siku tulivu pekee, zisizo na dhoruba za sumaku, maana jua likizama kwa miezi, mikondo ya umeme ya angani juu ya ncha hudhoofika, na wastani wa siku zote utakudanganya.

Fundi_Ngong
Kuhusu Lang'ata: jihadhari na kokoto. Mawe ya Nairobi ni ya volkeno na mengi yana sumaku. Nguzo ijenge kwa mawe ya matumbawe kutoka Pwani, bila nondo, na kila ndoo ya mchanga ipitishe mbele ya kihisi kabla ya kuchanganya. Skrubu ziwe za shaba au alumini. Mbali na geti na mabati kadiri unavyoweza: ukiongeza umbali mara mbili, athari ya kipande cha chuma hupungua mara nane. Waya wa umeme wa kwenda na wa kurudi usokotwe pamoja. Kihisi kizikwe chini ya udongo, joto la mchana lisikifikie haraka.

Sumaku_Langata
Asanteni sana. Faili la msingi nimelipata. Kuna vipimo vya Februari, vinavyofuata ni Novemba, katikati wamepiga mstari ulionyooka. Safu ya mwegamo haipo.

Kipimo_Kamili
Basi linganisha vipimo vya Februari na Novemba. Msingi wa X ukiwa umehama karibu nanotesla 25, kifaa ndicho kilichohama, na huenda nguzo ililala; mstari ulionyooka hauwezi kusema ni mwezi gani. Data za Mei hadi Agosti zitumie kwa dhoruba na mabadiliko ya saa na siku. Kwa thamani kamili ya X, ziache nje na uandike sababu.