Tupeane uzoefu: nyumba uliyoipamba kwa vitu vya mtumba na mikono yako mwenyewe

Mama Kizinga
Wadau habari za jioni. Leo nimeshusha mapazia ya sebuleni niyafue, nikajikuta nimekaa nayo mapajani kama nusu saa, nakumbuka nilikotoka.

Mwaka 2014 nilihamia Mbagala, chumba na sebule, mali yangu godoro, jiko la mchina na ndoo mbili. Dirishani nilifunga kanga. Siku ya tatu nikaamka alfajiri nikaenda soko la mitumba la Karume, maana pale ukifika saa nne vitu vizuri vimeshachaguliwa, unaokota mabaki. Belo la mapazia likafunguliwa mbele ya macho yangu, nikatoka na vipande vinne vizito vyenye bitana, elfu tatu tatu. Tatizo kila kimoja kilikuwa na rangi yake. Nikampata mama mmoja anayetengeneza batiki, tukavichovya vyote kwenye rangi moja ya bluu iliyokolea. Vitatu vilikuwa pamba, vikanywa rangi vizuri sana. Cha nne kilikuwa polista, kikatoka vilevile kilivyoingia. Hicho nikakikata foronya za mito ya kochi.

Nina nyumba yangu sasa na mapazia ni yale yale. Naomba tupeane uzoefu: ulipata nini, wapi, ukakifanyaje? Hata kama kilikushinda, sema.

Shangazi Tabata
Umenigusa dada. Mimi meza yangu ya kulia niliikuta imetupwa nje kwa jirani, mguu mmoja haina. Leo watu wanakula Idd juu yake.

Kopo la Vanishi
Mama Kizinga, kagua pindo la hayo mapazia. Baadhi ya yale ya Ulaya yameshonewa vidonge vya madini ya risasi kwenye kona za chini ili yaning'inie vizuri. Kama una mtoto anayetambaa, fumua uvitoe. Mwanangu nilimkuta anakinyonya.

Mama Kizinga
Nimekimbia kuangalia. Vipo! Viwili viwili kila pembe, na miaka yote hii nikidhani ni vifungo. Mjukuu anakuja Jumamosi. Ahsante sana ndugu yangu.

Binti Ng'ambo
Mimi nipo Zanzibar. Naandika na roho inaniuma.

Bibi yetu alikuwa na kasha la arusi, lile la njumu, limepigwa misumari ya shaba nakshi kote, chini lina saraka tatu. Alipozeeka akanipa, akaniambia litunze. Mimi ndio kwanza nimeolewa, nataka nyumba yangu ing'are, kasha nikaliona jeusi, limefifia. Nikaazima mashine ya msasa kwa kijana wa jirani, nikalikwangua lote. Ile rangi ya kahawia iliyokolea, ya miaka na mafuta ya mikono ya watu, ikaondoka ikabaki mbao nyeupe. Vichwa vya misumari vikakwaruzika. Halafu nikapaka vanishi ya kung'aa.

Bibi alipokuja alilipapasa kwa kiganja kama anavyompapasa mtoto mwenye homa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umeliosha sana mwanangu." Akaenda kukaa barazani. Alifariki mwaka uliofuata. Mpaka leo nikitia kitu mle nasikia sauti yake.

Nawausieni: kitu cha zamani cha mbao nzuri usikikimbilie na msasa. Kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kiache kikauke, paka mafuta ya nazi kiduchu au nta, ukiangalie wiki nzima kabla hujafanya jengine.

Seremala wa Keko
Pole sana dada. Ila mafuta ya nazi hapana, baada ya muda yanatoa harufu na yanashika vumbi. Tumia nta ya nyuki.

Binti Ng'ambo
Kwetu wametumia nazi tokea enzi, kaka. Lakini nta nimeisikia.

Seremala wa Keko
Na mimi niseme la moyoni. Watu mnakimbilia makabati ya used yanayoshushwa na makontena, mengi ni zile mbao za unga uliogandishwa kwa gundi. Likimwagikiwa maji siku moja linavimba kama andazi, na hakuna fundi wa kulirudisha. Wakati huohuo sisi tunakutengenezea la mninga au mkongo utakalomrithisha mtoto. Mnaua kazi zetu.

Mwana Kongowea
Ndugu yangu, bei zenu twaziweza? Mimi niko Mombasa, kabati la mbao mpya ni mshahara wa miezi miwili. Nimenunua la mtumba, nimebadilisha vishikio tu, na maisha yaenda.

Seremala wa Keko
Lete mbao zako, nikutoze ufundi peke yake. Watu hawaulizi.

Kopo la Vanishi
Mafundi wengine mnachukua advansi mnazima simu, ndiyo maana watu wanajitengenezea. Sikusemi wewe, sikufahamu. Nasema yaliyonikuta.

Seremala wa Keko
Hilo lipo, sikatai. Linatuuma hata sisi tunaofanya kazi kwa uaminifu.

Msasa120
Wakuu, nimekuwa nasoma kimya lakini neno kabati limenitoa.

Mwaka 2019 nilinunua dresa ya droo sita pale Buguruni kwa dalali, laki moja na ishirini. Ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta nyeupe, imechakaa, imebanduka pembeni. Nilipokwangua kidogo kwa kisu nikakuta chini ni mninga. Mtu anayependa mbao anajua moyo unavyokwenda mbio hapo.

Niliifanyia kazi wiki tatu, kila nikitoka kazini. Nilianza na msasa namba 80 kuitoa rangi, nikaenda 120, nikamalizia 220, siku zote nafuata nyuzi za mbao. Nikaziba matundu kwa unga wa mninga wenyewe niliouchanganya na gundi, ili rangi isipishane. Nikapaka sanding sila, ile ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi, nikapitisha msasa mwepesi, halafu mikono mitatu ya vanishi. Droo moja ilikuwa inakwama. Nilipoichomoa niipake mshumaa kwenye reli, nikaona nyuma yake pameandikwa kwa penseli majina matano ya watoto, na kila jina lina tarehe ya kuzaliwa. La kwanza 1978, la mwisho 1991. Mwandiko wa mtu mmoja, umenyooka. Pale sikupitisha msasa. Niliona hiyo ni amana, nikairudisha droo kama ilivyo.

Kazi ilipokwisha nikapiga picha, kabla na baada, na ile ya majina pia, nikaweka status. Watu wakasifia, wakasambaza.

Siku ya nne, saa mbili usiku, hodi. Naona mjumbe, nyuma yake mama mtu mzima na vijana wawili. Mama hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye dresa, akavuta droo ya tatu kushoto, akaigeuza, akasoma yale majina kwa sauti. Alipofika la nne akashindwa. Kijana mmoja akamalizia.

Nyumba yao ilivunjwa na wezi walipokuwa msibani mkoani. Msiba wenyewe ni wa huyo wa nne. Mwandiko ni wa marehemu mume wake.

Jamani, niliishiwa nguvu. Risiti sina. Dalali nilipompigia akasema hanijui. Mjumbe akaniambia kijana wangu, hii ni mali ya wizi, tunaweza kwenda kituoni au tunaweza kuelewana hapahapa. Mama akasema yeye hataki mtu afungwe, anataka maneno ya mume wake. Niliibeba mimi mwenyewe na wale vijana mpaka kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.

Shangazi Tabata
Nimesoma huku nalia. Mungu akuzidishie baba.

Mtu wa Mwanza
Samahani, lakini hela yako je? Laki na ishirini, wiki tatu za kazi, vanishi, msasa. Mimi ningempa ile droo moja yenye majina nikabaki na dresa.

Binti Ng'ambo
Ubaki na mali ya mtu uliyoambiwa imeibwa? Utalalaje?

Mtu wa Mwanza
Dada, mimi sikuiba. Nimenunua kwa jasho langu. Mwenye kosa ni dalali.

Mwana Kongowea
Ukishajua ni ya wizi ukaendelea kukaa nayo, kosa lahamia kwako. Hata polisi hawatakusikiza.

Kopo la Vanishi
Na ndiyo maana mimi sinunui kwa dalali wa usiku. Nataka niandikiwe karatasi, jina, namba ya simu, na nimpige picha akiwa amesimama na hicho kitu. Akikataa, naondoka hata kama bei ni ya bure.

Mtu wa Mwanza
Sawa. Lakini Msasa120, alikulipa chochote?

Msasa120
Sikumdai. Baada ya mwezi alinipigia niende nikale wali. Dresa iko chumbani kwake, na majina yameongezeka ya wajukuu, ameandika yeye mwenyewe chini ya yale. Mwandiko wake unatetemeka kidogo.

Mtu wa Mwanza
Haya mkuu. Nimekuelewa.

Mama Kizinga
Uzi nimeufungua mimi lakini hapa nimeshika mashavu. Wengine endeleeni, msiogope.

Mpangaji Sinza
Yangu ni kunguni. Kochi la watu watatu, zuri, kitambaa cha kijivu, nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Wiki ya pili mtoto ana vipele vimejipanga mstari mikononi. Nikageuza kochi, nikafungua kile kitambaa cheusi cha chini. Kwenye maungio ya mbao, kila tundu la stepla limejaa. Nikahisi ngozi yangu yote inawasha.

Nilianika juani siku tatu. Kunguni hawakufa, walijificha ndani zaidi. Kilichosaidia ni kuvua kitambaa chote, kutupa sponji, kumwagia maji yanayochemka kila ungio mara nne, kila baada ya siku tano, kwa sababu mayai yanaanguliwa nyuma yako. Foronya na mashuka yote kwenye sufuria la kuchemka. Halafu nikanunua sponji mpya na kitambaa, nikapiga stepla mwenyewe. Kwa jumla lilinigharimu karibu na kochi jipya.

Shangazi Tabata
Mafuta ya taa kwenye maungio. Mama yangu ndivyo alivyofanya.

Kopo la Vanishi
Shangazi nakuheshimu, lakini mafuta ya taa kwenye kochi, ndani ya chumba kimoja chenye jiko, ni kuita moto. Chemsha maji.

Shangazi Tabata
Nimekuelewa mwanangu. Enzi zile tulipikia nje.

Mpangaji Sinza
Na msidhani kochi ukiliacha stoo watakufa njaa. Kunguni anakaa miezi bila damu, anakusubiri.

Mwalimu Moshi
Mimi siwezi mbao, naweza tairi. Tairi la gari dogo unaliosha kwa sabuni ya unga na brashi ngumu mpaka maji yawe meupe, unakata duara mbili za plaiwudi, unazifunga kwa skrubu juu na chini, halafu unazungusha kamba ya katani kuanzia katikati ya juu, gundi kidogo kidogo, unashikilia. Stuli yangu ina miaka sita. Wanafunzi wakija nyumbani wanaigombania. Ukutani nimepanga nyungo saba za ukubwa tofauti, nimezipaka rangi za kitenge.

Shangazi Tabata
Ungo ukutani mwalimu? Ungo ni wa kupepetea. Kwetu ungo hautundikwi tu hivi hivi kama picha.

Mwalimu Moshi
Nimezinunua mpya kwa mama anayesuka, shangazi, na nimemwambia ni za ukutani. Ameniletea na wateja wengine.

Shangazi Tabata
Kama msukaji mwenyewe karidhia, basi.

Mtu wa Mwanza
Kuna anayejua mbao za paleti, zile fremu za kupangia mizigo? Nimepata kumi bure kiwandani, nataka kitanda.

Seremala wa Keko
Angalia mhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona HT, zimepikwa kwa joto, tumia. Ukiona MB, zimefukizwa dawa kali ya kuua wadudu, hizo usilalie wala usiwashie moto. Ambazo hazina mhuri mimi siingizi ndani. Na usipake vanishi siku hizi za masika, unyevu unaingia inageuka nyeupe kama maziwa. Subiri jua, au nipigie ushauri, sikutozi.

Mtu wa Mwanza
Nimetoka kuangalia na tochi. Nane HT, moja MB, moja haina kitu. Nane zinatosha kitanda cha futi tano?

Seremala wa Keko
Zinatosha. Zing'oe misumari kwanza kabla ya kupima, utazipoteza nyingi kwenye kung'oa. Pigia nyundo kwa nyuma, usivute kwa mbele, utapasua.

Mwana Kongowea
Mwalimu, kamba ya katani mita ngapi kwa tairi moja? Nataka nianze kesho.

Mwalimu Moshi
Ya unene wa kidole kidogo, mimi ilinila kama mita thelathini na tano, juu na ubavuni. Nunua arobaini.