Mantiki moja ya ujenzi kwa programu ya simu na ya kompyuta: je, tuhamie mfumo mmoja?

Mkaa_Usiku ameuliza:

Wanajamvi, salaam.

Timu yetu ya watu watano inatunza programu moja inayotumika kwenye Android, iOS, macOS, Windows na Linux. Msimbo wenyewe tumefanikiwa kuushiriki kwa sehemu kubwa, lakini taratibu za kuujenga, yaani kuugeuza kuwa programu inayoweza kusakinishwa, kila moja imebaki na nyumba yake: Android inajengwa kwa Gradle, iOS na macOS kwa Xcode, Linux na Windows kwa CMake. Ndani ya kila mfumo tumeandika upya kazi zilezile, yaani kugeuza mafaili ya tafsiri kuwa faili moja la binari, kupunguza ukubwa wa picha, kukokotoa nambari ya toleo, na kuchagua anwani ya seva kulingana na kama tunajenga kwa majaribio au kwa ajili ya watumiaji.

Chukueni kazi ya tafsiri peke yake. Imeandikwa kwa Kotlin ndani ya Gradle, kwa skripti ya shell ndani ya Xcode, kwa skripti nyingine ya shell upande wa Linux, na kwa PowerShell upande wa Windows. Zile mbili za shell zilianza zikiwa faili moja, zikatengana siku tulipogundua kwamba `sed -i` ya macOS hudai hoja ya ziada ambayo ile ya Linux haiihitaji. Mwezi uliopita tulirekebisha kasoro ya herufi zenye alama za lafudhi katika nakala tatu, ya nne tukaisahau, na watumiaji wa Windows wakapokea toleo lenye alama za kuuliza katikati ya maneno.

Nambari ya toleo nayo ina kisa chake. Tunaipata kwa kuhesabu mabadiliko yaliyomo katika historia ya Git (zana ya kutunza historia ya msimbo), na kwenye mashine zetu hesabu hupita elfu tatu. Seva ya ujenzi ilikuwa imechukua historia ya juujuu, badiliko moja tu la mwisho, basi ikahesabu 1, na faili la Android likakataliwa dukani kwa sababu nambari mpya ni lazima izidi iliyotangulia.

Nimejaribu kuweka maelezo ya pamoja katika faili moja la mipangilio ambalo mifumo yote hulisoma, lakini nimeunganisha data tu. Mantiki bado imeandikwa mara nne. Je, tuhamie mfumo mmoja wa ujenzi kwa majukwaa yote, au kuna njia ya kuiacha mifumo ilivyo na kuunganisha kilichomo ndani yake?

Fundi_wa_Zamu amejibu:

Ndugu Mkaa_Usiku, mifumo hiyo mitatu iacheni mahali pake, kwa maana kila mmoja una kazi ambayo mwingine hauiwezi bila kuumia. Kinachopaswa kuhama ni maamuzi. Andikeni programu moja ndogo ya mstari wa amri inayojua kugeuza tafsiri, kupunguza picha na kukokotoa toleo, kisha Gradle, Xcode na CMake zibaki na mistari michache ya kuiita. Ndivyo ilivyo katika Flutter, zana ya Google ya kuandikia programu za majukwaa mengi: mradi wake wa Android ni wa Gradle, wa iOS na macOS ni wa Xcode, wa Linux na Windows ni wa CMake, sawasawa na kwenu, lakini kila mmoja mwishowe huita amri ileile, `flutter assemble`, ambayo ndiyo inayojua hatua zipi zifuatane na zipi zirukwe kwa kuwa hakuna kilichobadilika.

Kwenu wito unaweza kuwa hivi:

`jenga tafsiri --jukwaa=ios --hali=toleo --usanifu=arm64 --tegemezi=tafsiri.d`

Mstari huo unaonekana mwepesi, ila kuufikisha hapo ndiko kwenye kazi, kwa sababu kila mfumo una jina lake kwa jambo lilelile. Usanifu wa kichakataji ambao Android huuita `arm64-v8a`, Apple huuita `arm64`. Tena Xcode yaweza kuwapa majina mawili kwa pamoja ndani ya kigeu `ARCHS`, yametenganishwa kwa nafasi, kwa hiyo programu yenu ikitarajia jina moja itavunjika siku ya kwanza mtu atakapojenga toleo la macOS la vichakataji vya aina zote mbili. Upande wa Windows, CMake ikiandaa mradi wa Visual Studio huwa haijajua bado kama mtu atajenga kwa majaribio au kwa kutoa. Jambo hilo huamuliwa wakati wa ujenzi wenyewe. Mkitegemea kigeu cha aina ya ujenzi, `CMAKE_BUILD_TYPE`, hapo mtakuta kitupu, na kama kitupu kwenu maana yake ni majaribio, anwani ya seva ya majaribio itasafiri hadi kwa watumiaji. Tumieni `$<CONFIG>`. Majina yote yafasiriwe mlangoni, ili ndani ya programu yenu kuwe na msamiati mmoja tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hulisahau, nami nililisahau nilipofanya kazi kama hii mara ya kwanza. Mkishaficha mantiki ndani ya programu ya nje, mfumo wa ujenzi hauoni tena inasoma nini na inaandika nini, hivyo ama utaiita kila mara, ama hautaiita hata pale inapohitajika. Xcode huchagua njia ya kwanza: hatua ya skripti isiyotaja matokeo yake huendeshwa kila ujenzi, na tangu toleo la 14 Xcode yenyewe hutoa onyo. Dawa yake ni ya siku nyingi, nayo ni faili la utegemezi, yaani orodha ya mafaili ambayo tokeo fulani linayategemea, lile ambalo GCC (kikusanyaji cha msimbo wa C) huandika ukiipa `-MD`. Kila inapomaliza kazi, programu yenu iandike mstari kama huu:

`tafsiri.bin: maneno/sw.json maneno/fr.json maneno/ar.json mipangilio.json`

Akiongeza mtu lugha mpya, programu huiandika katika orodha na hakuna anayehitaji kugusa mradi wa Xcode wala `CMakeLists.txt`. Kwa CMake, faili hilo hutajwa kwa neno `DEPFILE` katika amri ya kujitungia. Kati ya zana ambazo CMake huziandalia ujenzi, Ninja huielewa tangu zamani, Makefile tangu CMake 3.20, Xcode na Visual Studio tangu 3.21. Gradle hailisomi yenyewe, ila kulisoma kwa Kotlin na kuyatangaza yaliyomo kuwa viingizo vya kazi ni jambo la mistari kumi hivi.

Nyuzi_Saba amejibu:

Nakubaliana na Fundi_wa_Zamu kwa sehemu kubwa, lakini nisingependa swali la mfumo mmoja lipitwe haraka hivyo, kwa kuwa kuna wanaolifanikisha. Bazel, mfumo wa ujenzi ambao Google iliufungua kwa umma mwaka 2015, una kanuni za kujenga programu za Android na za Apple, na palipo na maelfu ya moduli na wahandisi wa kudumu wa ujenzi, faida yake ni ya kweli: grafu moja ya utegemezi na kache moja inayoshirikiwa na mashine zote. Gharama ni kwamba kila Apple au Google inapobadilisha zana zake, ninyi mnasubiri kanuni za Bazel zifuate, au mnaziandika wenyewe. Kwa watu watano sioni hesabu hiyo ikitoka.

Njia tuliyoijaribu sisi ni ya kati. Tuliamua kwamba CMake ndiyo itakuwa bwana wa yote, kwa sababu yaweza kutoa mradi wa Xcode na Gradle nayo hujua kuiita kwa msimbo wa C++. Miezi minne baadaye tulikuwa na CMake kubwa iliyojaa matawi ya «kama ni Android», na bado Gradle ilikuwepo, kwa maana kuunganisha manifesti (mafaili yanayoieleza programu kwa Android), kupunguza msimbo kwa zana ya R8 na kutia sahihi kifurushi ni kazi za programu-jalizi yake ya Android, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuziandika upya. Tulikuwa tumetaka mfumo mmoja tukapata miwili na nusu.

Somo nililobaki nalo linahusu mpaka. Kabla ya kuhamisha kitu kwenda kwenye programu ya pamoja, mimi hujiuliza kama jibu lake lingekuwa lilelile kwenye kila jukwaa. Yaliyomo ya tafsiri: ndiyo. Ukubwa wa picha: karibu ndiyo, mkiacha majina ya folda ambazo kila jukwaa hutaka. Sahihi za kidijitali, ruhusa za kamera, aikoni ya kizinduzi: hapana, na hizo zibaki nyumbani kwake hata kama zinafanana kwa mbali. Programu ya pamoja ikianza kuhariri `Info.plist` (faili la maelezo ya programu upande wa Apple) na manifesti ya Android kwa wakati mmoja, mtakuwa mmejenga mfumo wa nne.

Nambari ya toleo inakaa juu ya mpaka huo kabisa, nayo inastahili uangalifu kuliko picha na tafsiri. Android hutaka namba moja nzima, na Google Play haikubali inayozidi 2100000000. Windows hutaka namba nne katika taarifa za faili, kila moja isizidi 65535. Kuna watu hutumia mwaka, mwezi, siku na saa, mathalani 2024061507, ambayo Android huimeza bila shida (hadi mwisho wa mwaka 2099, atakayekuwepo atajua la kufanya), lakini haiingii katika sehemu yoyote ya toleo la Windows. Kwa hiyo programu ya pamoja ihesabu namba moja ndogo inayopanda, kisha kila jukwaa liivishe umbo lake. Tena isihesabu kimyakimya: kabla ya kuhesabu ifanye `git rev-parse --is-shallow-repository`, na jibu likiwa `true` isimame na kueleza sababu. Hiyo 1 yenu haikupaswa kufika dukani.

Pwani_ya_Biti amejibu:

Nyongeza za kivitendo tu, maana kanuni zimekwisha kuelezwa vizuri.

Lugha ya kuandikia programu hiyo chagueni miongoni mwa zile ambazo mashine zote za ujenzi tayari zinazo. Python ni chaguo la kwanza kwa wengi, ila Windows haiji nayo, na Apple iliondoa Python 2 katika macOS 12.3, skripti nyingi za kale zikakatika siku hiyo. Kwenu Gradle inahitaji Java kwa vyovyote, lakini je, mnataka mjenzi wa iOS alazimike kuwa na Java? Mimi ningeandika kwa lugha inayotoa faili moja linalojitegemea, nikaliweka pamoja na msimbo kwa kila mfumo wa uendeshaji.

Pia msitegemee `PATH`, ile orodha ya folda ambamo programu hutafutwa. Xcode ikifunguliwa kwa kubofya aikoni hairithi mazingira ya terminali yako, ndiyo maana skripti hufanya kazi ukiijaribu kwa mkono na hushindwa ndani ya Xcode. Programu yenu iitwe kwa njia kamili inayoanzia `SRCROOT`, folda ya mradi wa Xcode. Na tangu Xcode 15, miradi mipya huja na `ENABLE_USER_SCRIPT_SANDBOXING` ikiwa imewashwa, kwa hiyo skripti hunyimwa kusoma faili ambalo halikutangazwa kuwa kiingizo. Hapo faili la utegemezi halikuokoi, kwa kuwa linaandikwa baada ya kusoma. Ama orodhesheni mafaili katika `.xcfilelist`, ama zimeni mpangilio huo kwa moduli hiyo moja.

La mwisho, programu isiandike upya faili ambalo yaliyomo hayajabadilika. Gradle hulinganisha yaliyomo, lakini Make na Ninja hutazama saa ya faili, na kuligusa bure faili la vichwa la C++ kunaweza kuamsha ukusanyaji wa nusu ya mradi.

Mkaa_Usiku ameandika tena:

Nawashukuru nyote. Tumefuata ushauri kwa kuanza na tafsiri peke yake, tukiacha picha na toleo kama zilivyokuwa. Skripti nne zimefutwa, na mahali pake kuna programu moja iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ambayo wito wake kwenye Gradle ni mrefu kuliko ilivyo kwenye Xcode na CMake kwa sababu ya kule kusoma faili la utegemezi. Kabla ya kuzifuta zile za zamani tuliziendesha sambamba na mpya kwa wiki mbili na kulinganisha matokeo baiti kwa baiti. Hapo ndipo tulipogundua kwamba nakala ya Linux ilikuwa ikipanga funguo kwa mfuatano tofauti na nyinginezo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwa kuwa programu hazisomi kwa mfuatano.

Limebaki tatizo moja. Kwenye Windows, mwenzetu ambaye folda yake ya mtumiaji ina nafasi ndani ya jina hupata ujenzi unaorudiwa kila mara, ilhali kwangu haurudiwi.

Fundi_wa_Zamu amejibu:

Hilo ni faili la utegemezi. Nafasi ndani ya faili hilo hutenganisha majina, kwa hiyo njia yake inasomeka kama mafaili mawili ambayo hayapo, na kisichokuwepo huhesabiwa kuwa kimebadilika. Kila nafasi itanguliziwe mkwaju wa nyuma, na kwa sababu hiyohiyo njia za Windows ziandikwe kwa mkwaju wa kawaida, `C:/` badala ya `C:\`, la sivyo mkwaju wa folda utachukuliwa kuwa wa kukinga herufi inayofuata. Vizuri zaidi, andikeni njia zinazoanzia mzizi wa mradi. Hapo jina la folda yake ya mtumiaji halitaingia kabisa.

Mkaa_Usiku ameandika tena:

Njia za kuanzia mzizi zimelimaliza. Jumatatu tunahamia kwenye nambari ya toleo.