Naombeni ushauri: programu gani ya simu inafaa kuskani picha za zamani za pikapu ya babu?

Mjukuu wa Soni
Wakuu, habari za majukumu. Nina albamu ya familia yenye picha 43, nyingi nyeusi na nyeupe. Kati ya hizo 17 ni za pikapu ya marehemu babu, Peugeot 404 aliyokuwa anashushia mboga kutoka Soni hadi Mombo. Mwezi ujao ukoo wote unakutana Lushoto, na nimeshaahidi kwenye grupu la WhatsApp kwamba kila mtu atakuwa na picha hizo kabla ya siku yenyewe. Skana sina, ila simu yangu ina kamera nzuri. Naomba jina la programu moja tu ya bure inayotoa picha safi. Watu wananiuliza kila siku na muda unakwisha.

Sandarusi
Mkuu, kimbia programu za kuskani nyaraka. Zimetengenezwa kwa ajili ya maandishi, kwa hiyo zinasukuma kijivu kiwe ama cheupe au cheusi. Kwenye picha ya gari utapoteza mistari ya sho (wavu wa mbele ya gari), mikunjo ya turubai na sura ya mtu aliyekaa ndani ya kabini.

Tumia kamera ya kawaida. Laza picha sakafuni karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, zima na taa za ndani. Simu iwe sambamba kabisa na picha. Usiisogeze karibu mno, maana lenzi pana inapindisha kingo na bampa iliyonyooka inatoka imepinda kama ndizi. Simama juu kidogo, tumia lenzi ya 2x kama unayo. Vaa shati jeusi, kwa sababu jeupe linarudisha mwanga kwenye picha yenye mng'ao. Piga mara tatu kila picha, kisha chagua.

Kutuma WhatsApp: ziambatishe kama hati, usizitume kama picha. Ukituma kama picha inabanwa, na namba ya gari iliyokuwa inasomeka inageuka ukungu.

Difu la Nyuma
404! Tupandishie hata moja hapa. Injini ya 1618 cc, gia za kwenye usukani, na jina lilijengwa Afrika Mashariki kwenye matope. 404 ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. Zile za 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland akiwa na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mtu wa hapa hapa Dar. Pikapu ndiyo iliyodumu kuliko zote, iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 80 wakati saluni, yaani gari dogo la abiria, ilishasimama. Ina turubai au bodi ya bati? Rimu zake ni za asili?

Karani wa Picha
Kabla ya programu, hali ya picha. Albamu ni ya aina gani? Zile za kona za karatasi, au zile za kurasa zenye gundi na plastiki juu? Ukubwa wa picha? Kuna negativu?

Ukipata skana bapa ya kuazima hata kwa siku moja, achana na simu. Picha ya sentimita 10 kwa 15 iskani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, ndogo zile za sentimita 6 kwa 9 iwe 1200. Hifadhi faili la TIFF, lisilopoteza ubora, kama nakala mama, halafu toa JPEG ya pikseli 2000 upande mrefu kwa ajili ya grupu. Nyeusi na nyeupe nazo ziskani kwa rangi. Rangi ndiyo inayokuonyesha doa la maji ni lipi na kivuli ni kipi.

Mjukuu wa Soni
Albamu ni ya gundi na plastiki. Hali ni ya kawaida tu, picha za zamani. Zimeng'ang'ania kidogo. Negativu hazipo. Wakuu, swali langu lilikuwa programu.

Karani wa Picha
"Kidogo" ndiyo ninayotaka kuielewa. Plastiki ikinyanyuliwa inaacha picha, au inataka kuondoka nayo? Kuna sehemu zinang'aa kama zimelowa wakati ni kavu? Kuna harufu ya ukungu?

Mjukuu wa Soni
Sawa, niseme. Wiki mbili zilizopita mvua ilivuja juu ya kabati, hapa Mbagala. Albamu ililowa usiku mzima. Asubuhi niliianika juu ya bati ikakauka vizuri. Tatizo ni kwamba plastiki imeganda kwenye sura za picha, na kurasa kama tano zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Zinang'aa, ndiyo.

Lakini hilo nimeshalipatia ufumbuzi. Kuna fundi Kariakoo, nimempa 30,000, nusu ya bei. Jumamosi atazibandua kwa mvuke wa birika. Amefanya nyingi. Ndiyo maana sikulitaja, nilitaka programu tu ya kumalizia kazi. Albamu ni ya shangazi yangu, yeye bado hajui. Nataka ajue ikiwa imeshapona.

Karani wa Picha
Msimamishe fundi leo, usingoje Jumamosi.

Picha hizi zimebebwa na tabaka la jelatini, ileile inayogandisha jeli ya watoto. Ikilowa inavimba na kuwa gundi. Ikikaukia juani ikiwa imegusa plastiki, inakuwa imeshikamana nayo. Sasa ukileta mvuke, unayeyusha tabaka hilohilo lenye sura ya babu. Karatasi itabaki mkononi mwa fundi, picha itabaki kwenye plastiki. Pasi na draya ya nywele ni hivyohivyo.

Njia ni maji baridi, na kwa utaratibu huu:

Kwanza, skani au piga picha kila ukurasa ulivyo sasa, plastiki ikiwa juu. Hata ikionekana vibaya, hiyo ndiyo bima yako.

Pili, kata albamu uti wa mgongo, utoe kurasa moja moja. Plastiki isiyoshikana na picha ikate kwa mkasi pembeni. Usivute hata kipande kimoja.

Tatu, jaribu kwa picha unayoweza kuikosa. Dondosha tone moja la maji kwenye kona, subiri dakika mbili, kisha gusa taratibu kwa pamba. Pamba ikitoka na weusi, ukungu umeshakula jelatini na picha hiyo isiingie majini. Iache kwenye plastiki yake, iskaniwe hivyohivyo. Zilizopakwa rangi kwa mkono studio nazo zisiingie, wala za Polaroid.

Nne, zilizofaulu zilaze kwenye beseni bapa la maji safi ya nyuzi 18 hadi 20. Maji ya bomba ya Dar ni ya moto kuliko hapo, kwa hiyo weka ndani ya beseni chupa ya barafu iliyofungwa vizuri. Karatasi za rangi zenye ngozi ya plastiki mara nyingi huachia ndani ya nusu saa. Za zamani za karatasi tupu zinaweza kutaka saa nzima. Badilisha maji yakichafuka. Plastiki inaachia yenyewe ukiitikisa maji yakiwa yamepita katikati. Isipoachia, rudisha, subiri tena.

Tano, suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochujwa madini, yale ya kuongezea betri. Soma lebo mara mbili, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana.

Sita, zikaushe kivulini, sura juu, kwenye chandarua safi kilichovutwa kwenye fremu, feni ikipuliza ukutani na si kwenye picha. Kamwe si gazeti, wino wake unahama.

Nyuma zimeshikwa na gundi ya ukurasa? Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, kama anayekata mkate, kabla ya kugusa maji. Na vaa barakoa, ukungu huo unaingia kifuani.

Mama Kizota
Mwanangu, mwambie shangazi yako leo. Mali ni yake. Na zaidi ya hapo, ni yeye anayejua waliosimama kwenye hizo picha. Picha ya pikapu yenye watu wanane wasio na majina inawafaa nini wajukuu? Keti naye, rekodi sauti yake kwa kila picha: nani yuko kushoto, wapi, mwaka gani, gari lilikuwa linakwenda au linarudi. Faili la sauti lipe namba ileile ya picha. Nyuma ya picha usiandike kwa kalamu ya wino, itachapa upande wa pili. Penseli laini tu, picha ikiwa kavu.

Mjukuu wa Soni
Nawashukuru, lakini nimeshatoa hela na nimeshatoa ahadi. Fundi alinionyesha kazi zake. Tena amesema zilizoharibika atazijaza kwa akili mnemba na kuzitia rangi, zitoke kama mpya. Kwenye grupu watu watafurahi zaidi wakiona rangi. Shangazi ana presha, sitaki apate mshtuko.

Sandarusi
Akili mnemba haijui gari la babu yako. Ikikutana na doa mbele ya gari, inachora sho ya gari lolote. Ikikutana na namba ya usajili iliyofifia, inachora maandishi yasiyosomeka, au mabaya zaidi, yanayosomeka lakini ya uongo. Rangi ya bodi itabuniwa, na mwaka mmoja baadaye ukoo mzima unaapa gari lilikuwa la bluu. Ukitaka ya rangi, ifanye pembeni, na jina la faili liseme wazi: Mombo_07_rangi_ya_kubuni. Nakala mama isiguswe.

Difu la Nyuma
Naomba nirudi nyuma kidogo. Mjukuu wa Soni, hizi picha ni za mwaka gani?

Mjukuu wa Soni
Moja imeandikwa nyuma "Mombo 1964". Mwandiko wa babu.

Difu la Nyuma
Basi hapa kuna tatizo. Saluni ya 404 ilitoka 1960, lakini pikapu ya 404 ilianza kutengenezwa 1967. Huwezi kuwa nayo Mombo 1964. La pili: umesema nyuma zimeshikwa na gundi na mbele zimeshikwa na plastiki. Umesomaje maandishi ya nyuma? Watu wametoa muda wao hapa kuandika hatua kwa hatua. Nasema wazi, naona hii ni chai, hadithi ya kubuni.

Kengele ya Kwanza
Hata mimi nimeliona hilo. Hakuna picha hata moja iliyopandishwa tangu uzi uanze. Mods, wasimamizi wa jukwaa, waufunge.

Mjukuu wa Soni
Si chai. Nimesoma nyuma kwa sababu niliivuta. Siku ya pili, kabla sijampata fundi. Ilitoka, lakini kona ya chini kulia, penye bampa na namba ya gari, ilibaki kwenye plastiki. Ndiyo picha pekee ambayo babu yuko peke yake na gari. Baada ya hapo nikaogopa kugusa nyingine, ndipo nikatafuta fundi. Sikutaka kuandika.

404 ndivyo tulivyolelewa tukisikia nyumbani. Sijui zaidi ya hapo.

Difu la Nyuma
Nieleze ulichonacho mkononi. Boneti iko sawasawa na mabega ya mbele (bati za juu ya magurudumu), au imeinuka katikati na mabega yamekaa chini yake? Pembe za gari ni kali au za mviringo?

Mjukuu wa Soni
Boneti imeinuka, imevimba kama mgongo wa kobe. Mabega yako chini, mviringo, taa moja moja kila upande mwisho wa bega. Hakuna pembe kali popote mbele.

Difu la Nyuma
Hiyo ni 403, pikapu ya kabla yake, injini ya 1468 cc. 404 boneti yake ni bapa, karibu ilingane na mabega, na sho yake ni pana imenyooka kutoka taa hadi taa. 403 ilianza 1955 na pikapu zake ziliendelea hadi katikati ya miaka ya 60. Mwaka wa babu umekaa sawa. Pengine 404 ilifuata baadaye na jina likafunika yote mawili. Angalia hizo 17 kama zote ni gari moja. Nafuta neno nililosema na naomba radhi.

Karani wa Picha
Ile plastiki yenye kona bado unayo? Kama ipo, usijaribu kubandua kipande. Kilichogusa plastiki ni uso wa picha, kwa hiyo ukitazama kupitia plastiki unaiona upande sahihi. Laza plastiki kwenye kioo cha skana, upande mtupu ukitazama chini, weka karatasi nyeupe juu yake, dpi 1200. Kisha skani picha yenyewe kwa mpangilio uleule, kila marekebisho ya kujiendesha yakiwa yamezimwa ili weusi ulingane. Utaziunganisha kwenye kompyuta. Gundi ya karatasi usipake, selotepu usibandike.

Mjukuu wa Soni
Wakuu, nimerudi. Fundi amerudisha 20,000, nyingine nimemwachia. Shangazi nimemwambia juzi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile ya Mombo ipo.

Nimeazima skana. Kona imetoka, na namba ya gari inasomeka yote. Tumeanza na picha sita. Nne zimeingia kwenye beseni, ya kwanza iliachia dakika ya 40, na zote nne zimetoka nzima. Mbili zilishindwa jaribio la tone, tumeziacha kwenye plastiki. Na ni kweli, magari ni mawili: picha 11 za boneti ya kobe, 6 za boneti bapa. Shangazi anataja majina, binti yangu anarekodi.

Swali: zilizokauka zimejikunja kama maganda ya muhogo. Nizinyooshe kwa pasi ya uvuguvugu?

Karani wa Picha
Hapana, pasi isikaribie. Karatasi za zamani lazima zijikunje. Zikiwa zimekauka kabisa, siku mbili hivi, ziweke moja moja katikati ya karatasi nyeupe zisizo na maandishi, juu weka ubao na vitabu vizito, ziache wiki nzima. Badilisha karatasi kila siku, siku tatu za mwanzo. Hizo mbili za kwenye plastiki zisiingie humo.