Je, yawezekana kuwa msomi wa uhusiano wa kimataifa, mfanyabiashara na mhisani kwa pamoja?

Mwanafunzi wa Diplomasia:

Waheshimiwa, salaam. Ninakaribia kumaliza shahada ya uzamili katika uhusiano wa kimataifa, na msimamizi wangu ananihimiza niendelee hadi uzamivu. Wakati huohuo ninamiliki hisa katika kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo niliyoianzisha na wenzangu wawili, na azma yangu ya siku nyingi ni kuunda mfuko wa kuwasomesha vijana. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, nami nataka kushika tatu. Je, wako waliofaulu, na walianza na lipi?

Mpenda Hesabu:

Wako, ndugu yangu, ila wengi walikwenda kwa zamu. Mtazame Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, ambaye usomi wake ulikuwa wa mawasiliano ya simu za mkononi, si wa diplomasia. Alianzisha Celtel, kampuni ya simu za mkononi barani Afrika, mwaka 1998, ikauzwa mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4, na mwaka uliofuata ndipo akaunda wakfu wake. Kinachonivutia ni kwamba sehemu ya fedha hizo aliielekeza kwenye maarifa, yaani faharasa inayopima utawala katika nchi za Afrika, pamoja na tuzo ya dola milioni 5, inayolipwa kwa miaka 10, kwa viongozi walioongoza vyema na kuondoka madarakani kwa mujibu wa katiba. Ipo miaka kadhaa ambayo hakupatikana anayestahili, na tuzo haikutolewa. Kwangu mimi, huko kukataa kutoa ndiko kunakoipa uzito. Anza na biashara.

Msomaji wa Zamani:

Naomba kutofautiana na aliyetangulia, kwa kuwa muuliza swali anataka kuyashika yote kwa wakati mmoja, na mfano wa karibu zaidi ni David Rockefeller. Alipata uzamivu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1940, akaongoza benki ya Chase Manhattan, na kuanzia 1970 hadi 1985 alikuwa mwenyekiti wa Council on Foreign Relations, taasisi mashuhuri ya utafiti wa sera za nje nchini Marekani, huku akitoa misaada mikubwa. (Alizaliwa katika utajiri wa babu yake, jambo ambalo wengi wetu hatukujaliwa.)

Lakini tazama yaliyotokea mwaka 1979. Yeye na Henry Kissinger, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, walikuwa miongoni mwa waliomsihi Rais Carter wa Marekani ampokee Shah, yaani mfalme, wa Iran aliyepinduliwa, ilhali serikali ya Shah ilikuwa mteja mkubwa wa benki hiyohiyo. Shah aliingia Marekani mwezi Oktoba kwa matibabu. Tarehe 4 Novemba ubalozi wa Marekani mjini Tehran ukavamiwa, na mateka 52 wakashikiliwa kwa siku 444. Sisemi kwamba alisukumwa na faida ya benki. Nasema kwamba ushauri wake, hata ungekuwa wa dhati kiasi gani, haukuweza tena kusikika kama ushauri wa msomi, kwa sababu kila aliyeusikia alikuwa na haki ya kuuliza ni kofia ipi inayozungumza.

Karani wa Wadhamini:

Kwa upande wa utaratibu, sajili mfuko kama chombo kinachojitegemea, wenye akaunti yake na wadhamini ambao si wabia wako. Andrew Carnegie, tajiri wa Marekani wa viwanda vya chuma, alipotoa dola milioni 10 mwaka 1910 kwa ajili ya kuharakisha kukomeshwa kwa vita kati ya mataifa, alizikabidhi kwa wadhamini na kuwaachia uamuzi wa namna ya kuzitumia. Hisa zako nazo uzitaje katika kila andiko linalogusa sekta yako.

Mwanafunzi wa Diplomasia:

Nawashukuru nyote. Nakiri kwamba kuna jambo sikulitaja: mada ninayoikusudia kwa uzamivu ni ushuru wa forodha mipakani, na malori yetu hupita mipaka hiyohiyo. Je, kutaja hisa kutatosha?

Msomaji wa Zamani:

Hapana, maana takwimu utakazozikusanya kwa maofisa wa forodha zitakuwa pia habari za kibiashara ambazo washindani wako hawana. Badilisha mada, au wauzie wenzako hisa kabla ya kuanza utafiti.